Karanga Ndani ya Soksi

Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea. Najua mnavyosemezana nikifika siku ya Alhamisi kwenye karakana ya kupiga pasi ya binti yangu Béa hapa Evere, Brussels: huyu mama anapiga pasi hata soksi. Ni kweli. Napiga pasi soksi, chupi, vitambaa vya kufutia vyombo, na mkiniangalia vizuri ipo siku mtanikuta napiga pasi kamba za viatu. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka kumi. Sasa nimestaafu, goti moja limegoma kabisa, na bado soksi haipiti mikononi mwangu bila kuguswa na moto. Nyinyi ndio mnaanza, kwa hiyo nimeona niwaandikie sababu. Nawaandikia kwa Kiswahili cha vitabu nilichofundishwa na masista. Tukiongea, mnajua wenyewe tunavyoongea.

Kule kwetu Katanga kuna nzi, na si huyu wa jikoni. Nzi huyo anapenda nguo mbichi zilizoanikwa. Anataga mayai kwenye mishono, na ukiivaa nguo hiyo funza anaingia ndani ya ngozi na kujijengea nyumba mgongoni au, mnisamehe, matakoni. Dawa yake ni moto tu. Ndiyo maana kule kila nguo inapigwa pasi nje na ndani, hasa kwenye mishono na kwenye mpira wa kiunoni. Papa yangu alikuwa mpiga pasi kwa Wazungu, na miaka yote aliyofanya kazi hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuota funza. Alijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia diploma.

Brussels haina nzi huyo. Nimeelezwa hivyo mara nyingi, na kwa upole. Mikono yangu haijasikia.

Msidhani nilifika hapa nikiwa fundi aliyekamilika. Karakana yangu ya kwanza ilikuwa karibu na Schuman, kazi ya mashati ya watu wa maofisi ya Ulaya, mashati mengi hata ukifumba macho unayaona. Mimi nilikuwa nimezoea pasi ya makaa, na pasi ya makaa ikipoa unatoka nayo nje unaipeperusha mbele na nyuma mpaka makaa yaamke. Asubuhi ya kwanza nilishika pasi ya umeme, nikaona bado ni baridi, nikasogea pembeni nikaipeperusha. Waya ukachomoka ukutani na plagi ikampiga kwenye kifundo cha mguu dada aliyekuwa nyuma yangu. Siku ya tatu mvuke ulikwisha. Nikafanya alivyofanya Papa: nikajaza maji mdomoni nikayapuliza juu ya shati, ukungu mwembamba kabisa, bila tone hata moja kubwa. Papa angenisifu. Msimamizi wangu, Mbelgiji mpole sana, alitafuta kiti akakaa, kisha akaniambia kwamba lile shati ni la balozi. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, nilipiga mswaki asubuhi.

Sikufukuzwa, kwa sababu shati lilitoka vizuri kuliko yote. Shikeni hilo: kitambaa cha pamba kipigwe pasi kikiwa na unyevu kidogo, kikikauka mmechelewa. Na shati lianze na kola, halafu mabega, halafu mikono, mgongo, na mbele mwisho kabisa, kwa sababu mbele ndiko watu wanakoangalia. Papa alinifundisha hivyo kwenye baraza la nyuma la nyumba ambayo mimi sikuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele.

Mji wetu ulikuwa mdogo, mji wa mgodi, na ndani yake ilikuwemo miji miwili. Juu walikaa Wazungu, wenye maua na maji ya bomba hadi chumbani. Chini, kwenye cité, tulikaa sisi, mistari na mistari ya nyumba za kampuni. Katikati uliachwa uwanja mtupu wa majani, mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Tuliambiwa uwanja huo uliachwa ili mbu wa kwetu wachoke njiani wasifike kwa Wazungu. Sijui nani alikubaliana na mbu. Papa aliuvuka kila asubuhi na karatasi yake ya ruhusa mfukoni, na jioni filimbi ikilia ilibidi awe ameshavuka kurudi. Shule zilikuwa mbili, na duka lilikuwa moja ila sisi tuliuziwa kwenye kidirisha cha pembeni. Papa alikuwa na mvi na bado waliendelea kumwita boy. Nawasimulia nikicheka, lakini msidhani ilikuwa mchezo. Ilikuwa dharau, na hadi leo nikiikumbuka napandwa na hasira.

Nilipokuwa na miaka kumi mama yangu alijifungua mapacha, nami nikawa mzigo nyumbani. Wakati wa likizo Papa akaanza kunichukua kazini, kwa sharti kwamba nikae nyuma na nisisikike. Meza yake ya pasi ilikuwa kubwa, imetandikwa blanketi, na juu yake shuka lililoning'inia pande zote karibu na sakafu. Chini yake palikuwa na joto, na harufu ya sabuni na makaa. Siku ya pili palikuwa pia na msichana wa Kizungu wa umri wangu, magoti machafu kuliko yangu.

"Weye unaitwa nani?" akaniuliza.

"Julienne."

"Miye Annick. Songea kidogo."

Alisema Kiswahili chetu sawasawa, kwa sababu tangu azaliwe waliomlea walikuwa mpishi na Papa yangu. Mama yake, ambaye sisi tulimwita Madame, alikuwa amemkataza kabisa kucheza na watoto wa cité. Nikikutwa naye, ambaye angepoteza kazi ni Papa, na akipoteza kazi nyumba ya kampuni tunaiacha na mapacha mgongoni. Papa alijua hayo kuliko sisi. Aliinama, akatuona tumekaa bega kwa bega, akanyooka, akalivuta shuka likashuka chini zaidi.

Chini ya ile meza tulikuwa na ufalme. Tulicheza kadi, tulibishana, tulipigana mara moja tukapatana siku hiyo hiyo. Yeye alijua hesabu kuliko mimi, mimi nilijua kupiga mluzi kwa vidole viwili. Sijawahi kucheka na mtu yeyote kama nilivyocheka na Annick, mkono mdomoni, ili Madame asisikie.

Sasa soksi. Papa alikuwa na namna yake ya kuzikunja. Soksi anaipiga pasi ndani, anaigeuza, anaipiga nje, kisha anaikunja mara tatu na kuingiza ncha ya vidole ndani ya mdomo wa soksi yenyewe. Inatoka bahasha ndogo iliyojifunga. Sijaona mtu mwingine akifanya hivyo popote. Likizo ilipokwisha, nami nikarudi shule yetu na Annick shule yao, tulianza kuandikiana kwa bahasha hizo. Mimi nilimpa Papa karanga moja ya kukaanga, naye akaiingiza ndani ya soksi za Annick akizikunja. Annick akaacha pipi moja ndani ya soksi chafu kwenye kapu la nguo, na jioni Papa akaniletea. Mtu mzima yule, aliyekuwa haruhusiwi kutembea baada ya filimbi, akawa posta wetu. Karanga moja maana yake nipo. Pipi moja maana yake na mimi nipo.

Likizo iliyofuata ilikuwa karibu na komunyo ya kwanza ya Annick. Gauni lilikuwa limetoka Ubelgiji kwa meli, jeupe, na lesi kifuani. Ijumaa kabla ya Jumapili yenyewe Papa alilitandaza mezani, akapiga pasi mikono yote miwili, kisha akaenda nyuma ya jiko kuchochea makaa ya pasi ya pili. Pasi ya kwanza akaiacha juu ya kigae chake.

"Unajua?" Annick akaniuliza, akionyesha pasi.

"Najua." Nilikuwa sijui.

"Onyesha."

Nikapanda juu ya kibao nikaishika. Sehemu ya kwanza ilienda vizuri, nikajiona fundi. Nikamgeukia nimwambie aone nilivyo fundi, na mkono ukasimama. Vijana wangu, mkono ukisimama tu, kazi imekwisha. Harufu ilifika kabla ya moshi. Nilipoinua pasi, kifuani mwa gauni la komunyo kulikuwa na alama nzima ya pasi, ya kahawia, na pua yake.

Tulisikia viatu vya Madame. Annick alininyang'anya pasi, akanisukuma chini ya meza na kushusha shuka. Kutoka kule chini niliona viatu tu, viatu vyake vidogo na viatu vya mama yake vikija na kusimama.

"Nani?"

"C'est moi, maman."

Ni mimi, mama, ndivyo Annick alivyosema. Nikasikia kofi. Annick hakulia. Papa akaja na pasi ya pili mkononi, akaulizwa kwa nini anamwachia mtoto moto, akasema amekosa. Alikaripiwa sana, lakini hakufukuzwa. Annick alikwenda komunyo na gauni la kuazima lenye mikono iliyokunjwa mara mbili, na alikatazwa kukanyaga baraza la nyuma tena.

Jioni ile Papa alisubiri mpaka tulipofika katikati ya uwanja mtupu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa juu wala wa chini.

"Pua ya pasi ilikuwa inaangalia kuume," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Mtu anayetumia mkono wa kuume, akipiga pasi, pua ya pasi inaelekea kushoto. Annick alitumia mkono wa kuume. Katika nyumba ile yote mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amejificha chini ya meza. Madame angeweza kuliona hilo naye, kama angekuwa amewahi kushika pasi maishani mwake. Nikaanza kulia hapo hapo kwenye majani. Papa aliniacha nilie, kisha akanishika bega.

"Kesho utaanza na ma-chaussettes," akaniambia.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Likizo ile yote nilipiga pasi soksi za watu sita, na za Annick nilizikunja mwenyewe na kutia karanga. Yeye nilimwona dirishani tu. Pipi ziliendelea kuja. Ulipofika uhuru mambo yakawa moto, na asubuhi moja tulikuta nyumba iko wazi, gari halipo, kapu la nguo chafu limebaki barazani. Papa aliipata pipi ya mwisho ndani ya soksi moja. Sikuila. Niliililia.

Kilichonikaa rohoni miaka yote hiyo ni neno moja. Sikuwahi kumwambia Annick asante. Karanga haiwezi kusema asante kwa kofi, wala kwa kazi ya Papa, wala kwa paa lililobaki juu ya mapacha. Nilikua, niliolewa, nilifiwa, nilimleta Béa huku akiwa mdogo, nikapiga pasi mashati ya nusu ya Ulaya, na neno lile lilikuwa bado mdomoni, halina pa kwenda.

Basi miaka minne iliyopita, nimeshastaafu, nilikuwa naendelea kuja kwa Béa kila Alhamisi kwa sababu kukaa nyumbani sikujui. Ukaja mfuko wa mteja mpya. Mashuka, blauzi, soksi za sufu za kijivu. Nikafanya kama ninavyofanya, nje, ndani, kunja mara tatu. Wasichana wakacheka, mfuko ukaondoka.

Alhamisi iliyofuata mfuko ulirudi. Katikati ya nguo chafu kulikuwa na soksi moja safi, imekunjwa bahasha, tena vibaya, vidole vinatoka. Nikaigusa nikasikia kitu kigumu. Nikaifungua. Ilikuwa pipi.

Nilikaa sakafuni.

"Maman, ni moyo?" Béa akauliza, ameshashika simu. "Niite ambulance?"

"Niletee karanga," nikamwambia.

"Karanga?"

"Karanga ya kukaanga. Kule kwa Mturuki, karibu na arrêt ya tram. Kimbia."

Alinitazama vile mnavyonitazama nyinyi, lakini alikimbia. Nikachagua karanga moja nzuri, nikaitia ndani ya soksi za kijivu, nikaikunja bahasha hiyo kwa uangalifu kuliko shati la balozi yeyote. Wiki ile sikulala vizuri kwa furaha na woga.

Alhamisi aliingia mwenyewe, bibi mdogo mwenye nywele nyeupe, koti la mvua, akivuta kigari cha soko. Akaiweka karanga juu ya kaunta.

"Nani alipiga hii ma-chaussettes?" akauliza, kwa Kiswahili cha Katanga ambacho watu wa umri wangu wenyewe wameanza kukisahau.

"Ni miye."

Aliniangalia mikono kwanza, halafu uso. "Songea kidogo," akasema, akapita ndani ya kaunta. Tukalia na kucheka pamoja, na wateja walisubiri, na Béa kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwaomba radhi.

Jumamosi nilimpeleka Matonge, mtaa wa watu wetu hapa Brussels. Tulikaa kwenye mkahawa mmoja ndani ya Galerie d'Ixelles, kati ya saluni mbili, vijana wakimwangalia Mzungu mzee anayezungumza kama bibi zao. Alinieleza kwamba kwao kila mtu alikumbuka maua ya bustani, na yeye alipotaja meza ya pasi walibadilisha mazungumzo, akaacha kuitaja. Mimi nilimweleza juu ya kidirisha cha duka. Hakuwahi kukijua, alijua mlango wa mbele tu. Hakujitetea. Aliniuliza kilikuwa upande gani, na nani alisimama hapo, na tulisubiri muda gani, nami nikamwambia yote. Kisha nikakusanya nguvu.

"Annick, kuna kitu nilipashwa kukuambia zamani. Asante kwa ile robe."

"Robe gani?"

"Robe ya komunyo. Weye ulisema ni weye."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ile? Ilikuwa inanikuna kwa shingo. Nilikuwa naomba Mungu iungue."

"Na ile kofi?"

"Kofi nilisahau siku ile ile."

Alikuwa anadanganya, maana mkono wake ulikuwa umeshakwenda shavuni. Lakini asante yangu aliikataa, akanirudishia vicheko tu, na mimi nikarudi nayo nyumbani tena.

Tangu hapo huja kila Alhamisi. Anakunja nami, anapokea wateja, anawafundisha wasichana maneno ya Katanga ambayo mama zao wasingependa. Alichotaka hasa ni kujifunza pasi. Béa akakataa. Béa ni mkali, nyinyi mnamjua. "Maman Annick akae na kahawa yake," akasema, "miye sina assurance ya bibi wa miaka septante-sept." Bima ya bibi wa miaka sabini na saba hana. Kwa hiyo tulijifunza kwa siri, Béa akienda benki. Kola, mabega, mikono, mgongo, mbele. Alikuwa na papara vilevile kama zamani.

Mwezi uliopita alikuwa kwenye ubao wa tatu, nami pembeni yake. Juu ya ubao kulikuwa na joho jeupe la kwaya, na si la mteja, ni la Béa mwenyewe. Simu ikalia. Nikageuka kuijibu, naye akageuka kuniuliza ni nani.

Harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka kumi.

Tulidhani Béa yuko benki. Tulisikia viatu vyake vikitoka kwenye ofisi ya nyuma. Annick alikuwa ameganda, macho ya mtoto kabisa. Mbao za siku hizi hazina shuka la kumficha mtu, na magoti yetu yasingekubali. Nikamnyang'anya pasi, nikasimama mbele ya ubao.

"Ni miye, Béa," nikasema. "Nilikuwa kwa téléphone, nikasahau mukono."

Béa alilitazama joho lake. Alama nzima, ya kahawia, palepale kifuani. Akanitazama mimi, na pasi niliyoishika kwa mkono wa kushoto. Kisha akainama karibu na ubao, akakaa ameinama muda mrefu.

"Maman," akasema polepole, "pua ya hii fer inaangalia gauche."

Gauche, yaani kushoto, kama ya mtu wa mkono wa kuume. Kosa langu. Nilimfundisha mwenyewe, na kisa cha gauni nilimsimulia akiwa mdogo mara nyingi kuliko sala. Annick akafungua mdomo aseme, nikamkanyaga mguu. Béa akalichukua joho, akalikunja mara tatu, akaliweka kwapani. Nilidhani atatufukuza wote wawili.

"Maman Annick," akasema, "kesho asubuhi ukuye huit heures. Utaanza na ma-chaussettes."

Akarudi ofisini na kufunga mlango, na nyuma ya mlango tukamsikia anacheka. Annick alinishika mkono, ule wa kushoto, bado una joto la pasi.

"Julienne, asante."

"Ya nini?"

"Ya ile robe."

Nikachomeka upya waya wa pasi, nikajaza maji, nikamvutia kapu la soksi.

"Robe gani?" nikamuuliza.